Mkubwa Hupanda Kwanza

Nakumbuka siku moja, Jumamosi ya mwezi wa tatu, mvua ndefu zikiwa bado zinatungojesha. Waliokuwepo uani nitawataja wote, kwa sababu kila mmoja wao alibeba sehemu ya mambo yaliyotokea. Alikuwepo Mzee Mutiso, mwenye nyumba, ameketi barazani na gazeti ambalo hakulifungua. Alikuwepo baba mdogo Wanyama, ndugu yake marehemu baba, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Bungoma akiwa na begi lisilokuwa na kitu ndani. Alikuwepo Kukhu Rasoa, yaya wa nyumba ya pili. Hakuwa nyanya yetu wa damu, lakini tulimwita kukhu, ambalo ndilo jina la nyanya kwetu, naye aliliitikia. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Barasa na Naliaka. Na mimi Wekesa, kifungua mimba, nilikuwepo nimesimama mlangoni mwa chumba chetu. Mama hakuwepo. Tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia.

Mwanangu, wewe uliyezika mtu karibuni, nakuandikia wewe. Wengine wanaweza kuketi wasikilize, siku yao nayo itafika.

Mama alikuwa mfanyakazi wa Mzee Mutiso huko Kileleshwa, enzi zile nyumba za Kileleshwa zilikuwa za chini na kila moja ilikuwa na bustani pana. Aliosha, alipika, na jua likipungua alitoka nje kuitunza bustani. Baba alitangulia Naliaka akiwa bado mgongoni, kwa hiyo mama alikuwa kila kitu. Tulikaa katika chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, na mbele ya mlango wetu palikuwa na kipande cha ardhi alichoruhusiwa kupanda chakula chake. Kilikuwa kidogo. Mtu akilala chini na kunyoosha mikono angekimaliza upana. Lakini kilitupa sukuma, kunde, managu na maharagwe, na mama alikipenda kuliko alivyopenda mshahara wake.

Mwaka ule alianza kukilima mapema, jua likiwa bado kali na udongo mgumu kama tofali. Alifika katikati. Akalisimamisha jembe kwenye udongo, mpini juu, kama mtu aendaye kunywa maji arudi. Akaingia ndani akasema kifua kinambana, atalala kidogo. Kutoka kitandani alipelekwa hospitali, kutoka hospitali akapelekwa Bungoma kuzikwa, na jembe likabaki pale pale limesimama.

Sasa nikueleze jambo la kwetu, usije ukanishangaa. Kwetu mkubwa wa nyumba ndiye anayefungua msimu. Mbegu ya kwanza hutoka mkononi mwake, ndipo wengine wafuate, kila mtu kwa kuzaliwa kwake. Mdogo hapandi mkubwa akiwa hajapanda, hata mvua ikimnyeshea kichwani. Watu wengi wa kwetu waliokuja Nairobi wameyaacha hayo, lakini mama hakuyaacha. Kila mwaka tangu baba afariki alitusimamisha mbele ya kile kipande, akatia punje yake ya kwanza, akanipa mimi, kisha Barasa, kisha Naliaka, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anazitia punje zake zote katika shimo moja.

Mama alipoondoka, zamu ya kufungua ikawa yangu. Sikuitaka.

Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule bila kumuaga mwalimu. Nikaenda Kenyatta Market kutafuta vibarua. Nilibeba nyama kutoka kwenye magari, nikaosha mbao za kukatia, nikafagia nywele mbele ya saluni za akina mama. Watu walinisifu. Walisema, ona huyu mtoto, amefiwa na bado anahangaika. Hawakujua kwamba nilikuwa nakimbia. Asubuhi nilipitia lango la mbele ili nisione kile kipande, na jioni nilirudi nimeinamisha kichwa. Niliwaambia wadogo zangu asiguse mtu lile jembe. Moyoni nilikuwa nimejiwekea hesabu yangu ya kitoto, kwamba ardhi ile isipopandwa, zamu bado ni ya mama. Siku nitakapotia mbegu ya kwanza nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu kwamba mkubwa wa nyumba ni mimi, na kwamba yule wa mbele yangu hayupo.

Barasa alikuwa darasa la sita, mwenye maneno mengi, na hakuwa na hesabu kama hizo.

"Wekesa, tunapanda lini?"

"Bado."

"Bado nini? Si watu wote washapanda."

"Nimesema bado."

"Basi nipande yangu tu, kamstari kamoja. Hata hutaona."

"Jaribu uone."

Hakujaribu. Aliniogopa kidogo, na aliiogopa ile mila zaidi. Lakini alianza kuninunia, na mnuno wa ndugu, mwanangu, ni moshi usiotokea dirishani.

Wakati huohuo bustani ya Mzee Mutiso ilikuwa inaharibika. Ua wa kayaba, ule mmea wenye miiba mirefu, ulikuwa umetupa matawi mpaka njiani na kurarua shati la mpita njia. Majani makavu ya jakaranda yaliziba mtaro wote. Nyasi zilipanda zikawa za kufichia nyoka. Mzee alikuwa mtu mpole, lakini upole una mwisho. Jioni moja aliniita barazani.

"Wekesa, mimi sikufukuzi," akasema. "Mama yako alikuwa mtu mzuri. Lakini hiyo chumba ni ya mtu wa kazi. Mke wangu, Mama Kalondu, anaweza kujipikia huko ndani. Kiwanja je, nani atafanya? Mvua ikikuja na huu mtaro ulivyo, maji itaingia kwa nyumba."

"Nitafanya, mzee."

"Ulisema hivyo juzi."

"Nitafanya."

Sikufanya. Na chakula kilipotupungukia tukalichukua kopo la mbegu la mama, maharagwe aliyoyachagua moja moja na kuyachanganya na majivu, tukayachemsha tukala. Naliaka aliyasifu. Mimi nilimeza huku nikijua kwamba nyumba inayokula mbegu yake imekwisha kabisa. Wahenga walisema ukubwa jaa. Mimi jaa nililikataa, na takataka zikaenea nyumba nzima.

Habari zikafika Bungoma. Habari hazina miguu lakini hazichelewi. Ndiyo maana Jumamosi ile baba mdogo Wanyama alifika na begi lake tupu. Alikuwa amekuja kujaza nguo za watoto. Naliaka angepelekwa kwa shangazi yetu Kitale, Barasa angeenda naye mwenyewe kuchunga ng'ombe na kusoma kule, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuacha shule, ningejitafutia. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama katikati ya nyasi, akazunguka na macho yake kutoka kwenye kayaba hadi kwenye mtaro hadi kwenye jembe lililosimama, akasema:

"Kumbe huyu ndiye mkubwa wa nyumba. Nyumba yenyewe nyasi imeifuga."

Barasa akacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno.

Ua wa kayaba ulikuwa na tundu ambalo watoto walikuwa wamelitoboa ili wapite kwenda kwa Kukhu Rasoa. Tuliona matawi yakitikisika, kisha kitambaa cha kichwa, kisha yeye mzima, akipita kwa kuinama, mwiba ukiwa umeishika sketi yake.

"Mulembe," akatusalimu, huku akijinasua. "Wekesa, hii kayaba yako imeanza kuvua wamama nguo. Unangoja mpaka nifike kwenu uchi?"

Mzee Mutiso alilinyanyua gazeti akajifunika uso. Hata baba mdogo alitabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa hiyo Kukhu akanigeukia. Alikuwa mfupi, mzito, na sauti yake haikuwa na haja ya kupanda.

"Nimesikia watoto wanachukuliwa."

"Ndiyo, kukhu."

"Na wewe unasema nini?"

"Sina la kusema. Nimefiwa."

"Sote tumefiwa. Nimezika watoto wawili na bwana. Mimi nakuuliza kuhusu hilo jembe. Nani ameliweka hapo?"

"Mama."

"Na nani amelikataza kutoka?"

Barasa akajibu kwa niaba yangu. "Ni yeye, kukhu. Hata mimi amenikataza kupanda. Anasema bado."

Kukhu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaanza kusema nami taratibu, kama mtu anayechambua mboga.

"Sikiza, mwana wa mwenzangu. Watu wa Kiswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kilio ni mgeni. Kikija, kipokee, kilie, kilale, hakuna mtu atakulaumu. Siku ya tatu kipe jembe, kilime na wewe. Wewe mgeni wako umemlaza kwa kitanda, unampikia, unamlisha mpaka mbegu. Eeh, usinitazame hivyo, Naliaka ameniambia mlikula mbegu. Sasa mgeni amenona, na wenye nyumba wanafungasha."

Nikasema kwa hasira, "Nikipanda, kukhu, itakuwa nimemtoa."

"Umemtoa wapi? Kaburi yake iko Bungoma, nilitupa udongo kwa mkono huu. Unataka kumchimbia ingine hapa? Huyo mama hakuacha kazi hapo katikati ili mwiangalie. Aliacha kwa sababu alishindwa. Mtu akishindwa na mzigo njiani, mtoto wake anaubeba, hapigi magoti kuuabudu."

Kwarara, wale ndege wakubwa wa Nairobi wanaolia kama bawaba kavu, walishuka kwenye nyasi wakaanza kuchokora kana kwamba hatupo. Kisha nikaenda, nikalishika jembe kwa mpini, nikalivuta. Udongo ulikuwa umelibana, likanigomea, nikavuta tena likatoka. Nikaanza kulima.

Nilianza na nusu iliyobaki. Mwanangu, natamani nikuambie kwamba nilipata furaha. Nililia nikilima, makamasi na vumbi, na aliyeniona ameniona. Lakini jambo moja lilitokea ambalo nimelitafakari tangu hapo. Nilipoufikia mwisho wa tuta na kugeuka nyuma, lile tuta lilikuwa limelimwa. Lilibaki hivyo. Tangu mama afe hakuna kitu nilichokifanya kikabaki kimefanyika, maana ukibeba nyama leo kesho kuna nyama nyingine, ukifagia nywele mbele ya saluni kabla hujafika mlangoni zimeanguka zingine. Udongo haukunidanganya. Nikalima la pili. Nikakutana na tuta la mama, lile la mwisho, nikaliunganisha na langu, na kwa kweli baada ya hapo sikuweza kuonyesha ni wapi mkono wake uliishia na wangu ukaanzia.

Barasa alichukua panga akaanza kukata kayaba bila kuambiwa. Naliaka akakusanya majani ya jakaranda kwa mikono. Alasiri tukazibua mtaro, na chini kabisa ya uchafu tukapata kijiko cha Mzee Mutiso alichokitafuta tangu Krismasi. Akakipokea akasema, "Kumbe kulikuwa na benki huku."

Tulipomaliza kulima, tukasimama mbele ya kipande. Hatukuwa na mbegu. Kukhu Rasoa alipita tena kwenye tundu lake, ambalo sasa lilikuwa pana, akarudi na kopo limejaa maharagwe yake mwenyewe, mekundu yenye madoa, aliyoletewa na mwanawe kutoka nyumbani kwa ajili ya msimu ule.

"Hii si ya bure," akaniambia. "Na pesa sitaki. Mbegu inalipwa na mbegu. Ukivuna, chagua zile nzuri, ujaze kopo kama hii unirudishie. Ukinirudishia zenye mashimo nitakutangaza kanisani."

"Nitakurudishia, kukhu."

"Haya, fungua msimu. Watoto wanangoja."

Nikatia punje ya kwanza. Vidole vilisita, kisha vikaiachia. Barasa akafuata, akapanda mstari wake mrefu ulionyooka. Naliaka akatia zake zote katika shimo moja.

Baba mdogo alikuwa ameketi ukingoni mwa baraza muda wote huo. Jua liliposhuka aliinuka, akapangusa suruali.

"Naliaka abaki," akasema. "Naona kiwanja kimeanza kufanana na cha watu. Mzee, umeona?"

"Nimeona," akajibu Mzee Mutiso. "Wakae. Chumba ni yake akifanya kazi."

Nikageuka kumtazama Barasa ili tucheke pamoja. Alikuwa anafunga viatu.

"Mimi naenda," akasema.

"Baba mdogo amesema mnabaki."

"Amesema Naliaka. Mimi nilikuomba kamstari kamoja, Wekesa. Kamoja tu. Nilikuomba kila siku."

Akaingiza nguo zake katika lile begi, zikalijaza nusu tu. Mvua ilianza wiki iliyofuata. Mstari wa Barasa ulikuwa wa kwanza kuchipua, umenyooka kama alivyoupanda, na yeye alikuwa Bungoma nyuma ya ng'ombe wa watu. Alisoma huko, akaoa huko. Tunapigiana simu Krismasi. Tunaulizana habari za afya kama majirani wema, na simu inakatwa kabla ya maneno kutuishia.

Naliaka nilimlea katika chumba kile. Kila jioni ya msimu ule, baada ya kazi za ndani, nilitoka nje. Nilipunguza kayaba, nikapanda nyasi pale zilipokufa, shina moja moja, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ukiinama kila siku mgongo huzoea. Huzuni haikuniacha. Ilikuwa inatoka nami na kurudi nami, lakini ilichoka kama mimi, na tulipoingia ndani tulilala wote. Amani niliyoipata ilikuwa hiyo, ndogo, yenye harufu ya udongo uliolowa. Sijapata nyingine kubwa kuliko hiyo, na siidharau.

Maharagwe yalikuwa bado mabichi, mvua ikinyesha, waajiri wa Kukhu Rasoa walipohamia Parklands. Walihama haraka. Aliniita kwa upande wa pili wa kayaba, akasema, "Usisahau kopo yangu," akacheka, akaingia kwenye gari la mizigo pamoja na viti. Nilipovuna nilichagua mbegu punje kwa punje, nikajaza kopo, nikaenda Parklands kwa miguu. Sikuwa na anwani. Niliuliza walinzi wa mageti, niliuliza wauza mboga karibu na hekalu, niliuliza akina mama waliotoka hospitalini na watoto mgongoni. Wako akina Rasoa wengi Nairobi. Nilikwenda tena mwezi uliofuata, na tena. Baadaye nikasikia kwa mtu wa kanisa lake kwamba aliugua akarudishwa nyumbani, na huko akazikwa. Nyumbani wapi hasa, hakujua. Nami siku zote nilimwita kukhu tu, sikuwahi kumuuliza mume wake alikuwa nani wala mto upi ulipita karibu na kwao.

Nyumba ya Mzee Mutiso imeshabomolewa. Pale kuna ghorofa sasa, na mimi ndiye ninayetunza ukanda wa nyasi kati ya ukuta na magari. Hapazidi kipande cha mama kwa ukubwa. Kila mwezi wa tatu nalima sehemu yake na kupanda maharagwe, kwa sababu vijana wa ghorofani wakipita asubuhi na nyuso zao nzito huwa nawaona wakipunguza mwendo kidogo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukifiwa, lia, usijizuie. Lakini mvua zikikaribia toka nje, utafute kipande chochote kilichoachwa katikati, hata kama ni cha mwenye nyumba, hata kama ni kopo moja la udongo dirishani, ukimalizie. Usikigeuze kuwa kumbukumbu. Ukiwa wewe ndiye mkubwa, jua kwamba wadogo wamesimama nyuma yako na mbegu mkononi, na kila siku unayosema bado, mmoja wao anafunga viatu. Na anayekusaidia siku mbaya muulize jina lake kamili na la kwao, ukiwa bado una nafasi ya kuuliza. Dawa ya deni ni kulipa, lakini huwezi kumlipa mtu usiyejua pa kumpata.

Mungu akujalie mvua ya kiasi. Akujalie mgongo unaoinama na kuinuka tena. Wadogo zako wakuone ukitoka nje asubuhi, na wakufuate.

Mimi bado nadaiwa. Kila mavuno natenga kopo moja la zile nyekundu zenye madoa, na kila msimu nalazimika kulipanda ili mbegu isife, kisha natenga jingine. Kama unatoka nyumba ambayo nyanya yenu aliitwa Rasoa, na aliwahi kuwa yaya Kileleshwa, njoo unione. La mwaka huu limejaa, na hakuna punje yenye shimo.